Samaki wako hawafi njaa, wanauawa na maji yanayong'aa

TANGI la samaki linapendeza kwenye kona ya bedsita: taa ya buluu, pampu inayonguruma polepole, gapi wakicheza huku nje matatu zikipiga honi. Shida huanza wiki ya pili. Mmoja anakaa juu akihema, mwingine anabana mapezi, na kufikia Jumapili wanne wanaelea. Mwenyewe anaangalia maji, anaona yanang'aa kama ya chupa, anaamua aliuziwa wagonjwa.

Mara nyingi muuzaji hana hatia. Muuaji ni amonia, nayo haina rangi. Samaki huitoa kupitia matamvua yao, na chakula kilichobaki huiongeza kikioza. Mtoni inasombwa na maji mengi. Ndani ya tangi la lita 40 haina pa kwenda.

Wanaookoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha kundi lingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hukua kwenye changarawe na hasa kwenye sponji ya filta, na huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kutosha. Ukinunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki 15 siku hiyo hiyo, umewahamishia nyumba ambayo choo chake hakijajengwa. Anza na wawili, watatu.

Halafu kuna usafi tuliofunzwa na mama. Tumelelewa kusugua sufuria hadi ing'ae, kwa hivyo maji yakiwa na ukungu tunamwaga yote na kuosha sponji chini ya mfereji. Klorini inaua bakteria, na unarudi sifuri. Badilisha robo ya maji kila wiki, basi. Sponji iminye ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi. Haitakuwa nyeupe, na haifai kuwa.

Klorini yenyewe huchoma matamvua. Maji ya mfereji yakinge kwa ndoo isiyofunikwa kwa saa 24 ili itoroke, au tumia matone ya kuiondoa yanayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Lakini balaa kubwa zaidi kwa mtu wa Nairobi ni mgao. Mifereji ikikauka, ploti nzima inategemea bowza au kisima, na maji hayo si yale samaki wako wamezoea. Maji ya visima vingi jijini yana madini mengi na huelekea upande wa magadi kuliko yale ya bwawa la Ndakaini. Maji yakielekea huko, amonia ile ile iliyokuwa imetulia huwa kali zaidi. Ndiyo maana samaki walioishi poa mwezi mzima wanaweza kufa siku moja baada ya bowza kuja. Weka mtungi mmoja wa akiba kwa ajili yao. Ukikosa kabisa, ongeza maji mapya kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Stima ikipotea usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu ili yaingize hewa. Mwezi wa Julai nao, tafuta hita. Samaki wa joto wanataka nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Nairobi haujui hilo.

Ukiwakuta wanahema juu, badilisha theluthi ya maji mara moja, kwa maji yaliyotulia yenye joto sawa, na uwanyime chakula siku mbili. Hiyo si ukatili. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa hata wiki bila kula, kwa hivyo ukienda ushago wikendi usimwachie jirani mkebe wote. Atawaonea huruma, atawamwagia nusu, na Jumatatu utapigiwa simu.