Ugonjwa wa Parkinson na Mapigo ya Moyo

Mzee aliyeanza kutetemeka mkono na kuburuta miguu huambiwa na jamaa zake: "Pumzika, Baba, usijichoshe." Maneno hayo ni ya huruma. Je, yana manufaa?

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Hutokea wakati seli za sehemu ndogo nyeusi iliyo ndani ya ubongo zinapokufa. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Dopamini ikipungua, mwendo huwa mzito, misuli hukakamaa, na mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 128 ambao walikuwa hawajaanza kutumia dawa za ugonjwa huo. Kundi moja lilitembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, moyo ukipiga kwa asilimia 80 hadi 85 ya upeo wake. La pili lilifanya hivyo kwa asilimia 60 hadi 65. La tatu liliendelea na maisha yake ya kawaida. Baada ya miezi 6, alama za ugonjwa katika kundi la tatu zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa 3.2, katika kundi la kwanza, kwa 0.3 tu. Kundi la pili halikuonyesha tofauti ya kutosha.

Basi, kinachohitajika ni juhudi inayopimika. Kwa makadirio, upeo wa mapigo kwa dakika ni 220 ukitoa umri. Mtu wa miaka 60 ana upeo wa 160. Asilimia 80 yake ni 128. Akiweka vidole kwenye kifundo cha mkono, atahesabu mapigo 32 kwa sekunde 15. Mwanafunzi anaweza kujipimia mwenyewe baada ya kukimbia, kisha akalinganisha na hesabu ya umri wake.

Hata hivyo, mazoezi hayaponyi ugonjwa huu, wala haijathibitishwa kwamba huokoa seli zinazokufa. Dawa zisiachwe. Mgonjwa apimwe moyo na daktari kwanza, aanze polepole, na awe na mtu wa kumshika asianguke.

Mtu huyo anaweza kuwa mjukuu wake. Badala ya kumwambia "Pumzika," na amwambie: "Twende, Babu."