Pingili za muhogo: kipimo cha saa tatu chategemea tundu la protini

MKULIMA wa Busi, wilayani Kondoa, anaponunua mzigo wa pingili za muhogo hulipa fedha kabla ya kujua anapanda nini. Pingili inaweza kuonekana nzima huku imebeba virusi vya batobato au michirizi ya kahawia. Hasara huja kujulikana miezi mingi baadaye, siku ya kuvuna, anapokuta mizizi midogo au iliyooza kwa ndani.

Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kwa moja, huchukua pingili zipatazo 4,000. Kila shina lenye virusi likikatwa tena kuwa mbegu, ugonjwa huongezeka msimu hadi msimu. Nzi weupe nao huusambaza kwa majirani.

Kipimo cha maabara huchukua muda, na maabara iko mbali. Ndiyo maana jaribio lililotangazwa mwaka 2019 linastahili kufuatiliwa. Watafiti, wakiwamo Dk. Joseph Ndunguru wa Tanzania, Dk. Titus Alicai wa Uganda na Dk. Laura Boykin, walipima muhogo katika mashamba matatu ya wakulima wadogo: moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Kwa vifaa vya betri, walipata majibu ya awali chini ya saa tatu tangu kufika shambani. Virusi vya batobato vilionekana kwenye majani, mashina, mizizi na hata wadudu.

Kifaa chenyewe, MinION, kinaenea kiganjani. Siri yake ni tundu dogo mno la protini. Uzi wa vinasaba hupita humo huku mkondo wa umeme ukipita pia. Kila kundi la herufi za vinasaba huukatiza umeme kwa namna yake, na kompyuta husoma mabadiliko hayo.

Protini hiyo asili yake ni bakteria E. coli. Wataalamu wameibadilisha sehemu kwa sehemu ili itofautishe herufi vizuri zaidi. Protini nyingine hufanya kazi ya breki, kwani bila hiyo uzi hupita kwa kasi isiyosomeka. Toleo la baadaye la tundu lilipewa sehemu mbili nyembamba badala ya moja, hivyo makosa hupungua pale herufi moja inapojirudia mfululizo.

Je, mkulima wa ekari moja anunue kifaa? Hapana. Kifurushi cha kuanzia kiliwahi kuuzwa kwa takriban dola 1,000 za Marekani, mbali na kemikali na mtaalamu. Tena virusi vya michirizi ya kahawia huhitaji hatua ya ziada, kwa kuwa vinasaba vyake ni vya aina ya RNA.

Faida ipo kwa mzalishaji wa pingili. Akipima shamba mama moja, gharama hugawanyika kwa wateja wote, na mzigo wake hupata sifa sokoni.

Kwa sasa, mkulima anunue pingili kutoka mashamba yaliyokaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), ang'oe mapema mashina yenye dalili, wala asikate mbegu katika shamba lililougua. Pingili za bure kutoka kwa jirani zinaweza kumgharimu msimu mzima.