Ugeni Githongo na subira ya kuupiga picha Mlima Kenya

Mwalimu au muuguzi anayehamishiwa Githongo kutoka Mombasa au Kisumu huambiwa, hata kabla ya kufungua mizigo yake, kwamba amekuja kuishi chini ya Mlima Kenya. Akifika mwezi wa Oktoba au Novemba, huenda siku nyingi zikapita kabla hajauona. Upande wa magharibi, juu ya mashamba ya majanichai, huwa pametanda mawingu kutwa nzima, naye mgeni huanza kushuku kwamba wenyeji wanamfanyia mzaha.

Kumbe ni vuli. Kamusi hulitumia neno hilo pia kwa majira ya Ulaya ambapo majani hugeuka mekundu na kupukutika, na picha za kalenda za ng'ambo zimewafanya wengi watarajie mandhari kama hayo. Githongo, iliyo karibu na mstari wa ikweta katika Imenti ya Kati, haina majira hayo. Vuli yake ni mvua ya Oktoba hadi Disemba. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu, hukutana na mteremko wa mashariki, hupanda, hupoa na kuumwaga unyevu huo ukiwa mvua. Ndiyo sababu chai hustawi upande wa Meru, ilhali nyanda za Laikipia, nyuma ya mlima, ni kavu.

Hata hivyo, mpiga picha wa Githongo ana bahati moja ambayo mwenzake wa Naro Moru hana. Mlima uko magharibi mwake, kwa hivyo jua linapochomoza huangaza uso anaoutazama. Usiku hewa hupoa na mawingu hushuka. Alfajiri vilele hujitokeza wazi. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi, joto la bonde huwa limeyapandisha mawingu tena. Na kwa kuwa katika ikweta jua hupanda wima, ile nuru ya rangi ya dhahabu haidumu. Anayengoja amalize chai yake kwanza hukuta imekwisha. Jioni jua hutua nyuma ya mlima, na kinachobaki ni kivuli cheusi, ingawa hicho nacho kina uzuri wake.

Matembezi yenyewe hayahitaji kufika kileleni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai ujulikanao kama Nyayo Tea Zone ili kutenganisha mashamba na msitu, na kando ya ukanda kama huo mgeni huweza kuona jinsi mlima ulivyopangwa: chai, msitu wa miti mikubwa, mianzi, kisha nyika ya juu yenye lobelia kubwa. Kuingia msituni bila kiongozi ni ujinga, si ujasiri. Tembo na nyati wamo, na ukungu wa vuli huficha mnyama hata akiwa karibu.

Wanaotaka kufika Lenana, kilele cha mita 4,985 kinachopandwa bila kamba, kwa kawaida huanzia Chogoria upande huu, na hupita juu ya bonde lenye Ziwa Michaelson. Miezi inayofaa ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Katika vuli barabara ya msituni hugeuka tope, na huko juu mvua huwa theluji. Hatari kubwa zaidi ni haraka. Mwili usiopewa siku za kuzoea hewa nyepesi huweza kujaza maji mapafuni, na mwenye kukohoa na kuhema hata akiwa ameketi hana budi kuteremshwa papo hapo.

Wageni kusumbuliwa na mawingu haya si jambo jipya. Mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima kutoka Kitui tarehe 3 Disemba 1849, katikati ya vuli, bila kamera. Wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kuna theluji kwenye ikweta. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, chenye mita 5,199, ilikuwa Septemba 1899, na msafara wake ulirudi na picha.

Picha za aina hiyo sasa zina kazi ambayo wapigaji wake hawakuikusudia. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kwa mujibu wa vipimo vya watafiti. Barafu ya Gregory imetoweka. Wameru huuita mlima huu Kirimara, na mtoto anayezaliwa Githongo leo huenda akahitaji picha ili aamini barafu aliyosimuliwa na babu yake.

Hivyo mgeni mwenye kamera, hata ile ya simu, afadhali achague mahali pamoja nyumbani kwake, apige picha kutoka hapo hapo kila mwezi, na aandike tarehe na saa. Betri aiweke mfukoni karibu na mwili, kwani baridi ya alfajiri huimaliza upesi. Akirudi ndani penye moto, aiache kamera mfukoni kwa muda, la sivyo lenzi itajaa umande.