Usalama katika Kuongeza Kasi ya Prosesa na Kadi ya Michoro: Kompyuta Isiyokwama Si Lazima Iwe Sahihi

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna kasi ya prosesa na ya kadi ya michoro inavyoweza kuongezwa kupita kiwango cha mtengenezaji bila kuhatarisha kifaa wala matokeo ya kazi. Hoja inayotetewa ni kwamba kompyuta inaweza kuendelea kufanya kazi bila kukwama huku ikitoa majibu yenye makosa. Kwa hiyo, kigezo cha kwanza cha usalama hakina budi kuwa usahihi wa majibu.

1.0 Utangulizi
Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya kielektroniki. Katika prosesa ya gigahezi 5, kila pigo hudumu nanosekunde 0.2, muda ambao mwanga wenyewe husafiri takribani sentimita 6 tu. Ndani ya muda huo, ishara hupaswa kupita katika safu za transista na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Kwa kuwa vipande vya silikoni havilingani kwa ubora na mazingira ya watumiaji hutofautiana, mtengenezaji huweka kiwango cha kasi chenye akiba. Kuongeza kasi ni kuitumia akiba hiyo.

Mfano mashuhuri ni Celeron 300A, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1998. Kasi yake ya megahezi 300 ilitokana na kuzidisha mapigo ya megahezi 66 ya ubao mama kwa 4.5. Watumiaji walipoyapandisha mapigo ya ubao mama hadi megahezi 100, prosesa ilifika megahezi 450, yaani ongezeko la asilimia 50, na nyingi zilihimili. Mfano huo haupaswi kuchukuliwa kuwa kanuni. Prosesa za sasa hujipandishia kasi zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Hivyo, akiba inayobaki kwa mtumiaji ni ndogo.

2.0 Volteji na Joto
Ishara inapochelewa kufika, jibu huharibika. Tiba iliyozoeleka ni kuongeza volteji, kwa kuwa transista hubadili hali upesi zaidi volteji inapopanda. Hata hivyo, tiba hiyo ina gharama. Nguvu inayotumika katika kubadili hali za transista huongezeka kwa uwiano wa kasi na wa mraba wa volteji. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 peke yake, nguvu hiyo hupanda kwa asilimia 10. Volteji nayo ikiongezwa kwa asilimia 10, ongezeko hufika takribani asilimia 33. Nguvu hiyo yote hugeuka kuwa joto.

Aidha, feni na kipoza joto cha kawaida haviwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Prosesa inayozidi joto la chumba kwa nyuzi 60 za Selsiasi itakuwa na nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 20, lakini itafika nyuzi 92 katika chumba cha nyuzi 32, hali isiyo ngeni katika miji ya mwambao. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100, na hapo faida iliyotafutwa hupotea.

Madhara ya volteji hayaishii kwenye joto. Mkondo mkubwa wa umeme pamoja na joto husogeza polepole atomi za metali katika nyaya nyembamba za ndani, na uharibifu huo haurekebishiki. Mwaka 2024, Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volteji ya juu kupita kiasi. Masahihisho ya programu yalilenga kuzuia madhara mapya, bali hayakuweza kuponya prosesa zilizokwisha kudhoofika.

3.0 Utaratibu wa Prosesa
Kwanza, mtumiaji ahifadhi nakala ya data zake, kisha apime joto na utendaji wa awali. Pili, aongeze kasi kwa hatua ndogo, kwa mfano megahezi 100, bila kugusa volteji. Tatu, baada ya kila hatua aendeshe jaribio linalolinganisha majibu na yale yanayojulikana. Prime95, programu iliyobuniwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne, hufanya ulinganisho wa aina hiyo. Kosa moja tu linatosha kuikataa hatua husika, hata kama kompyuta haikukwama. Nne, arudi nyuma hatua moja au mbili ili kurejesha akiba, kisha arudie jaribio kwa saa kadhaa, ikiwezekana wakati wa joto kali la mchana.

4.0 Kadi ya Michoro
Kiini cha kadi na kumbukumbu yake hupandishwa kimoja baada ya kingine ili chanzo cha kosa kibainike. Kiini kilichozidishiwa kasi huonyesha madoa katika picha au huifunga programu. Kumbukumbu ni ya hila zaidi: aina kama GDDR5 inaweza kugundua kosa katika usafirishaji wa data na kuirudia kazi hiyo. Matokeo yake, picha hubaki safi huku utendaji ukishuka. Kwa hiyo, utendaji upimwe kila hatua. Unapoacha kupanda, kikomo kimekwisha kupitwa.

5.0 Hitimisho
Mchezo unaokwama huanzishwa upya, na hasara huishia hapo. Jedwali la utafiti lenye tarakimu moja iliyoharibika kimyakimya halimpi msomaji dalili yoyote, na hitimisho lililojengwa juu yake huanguka nalo. Inapendekezwa, basi, kwamba kompyuta inayochakata data za utafiti ibaki katika kasi ya mtengenezaji. Pale ambapo kasi imeongezwa, hesabu muhimu zirudiwe katika kasi ya awali kabla matokeo hayajawasilishwa.