Usimwambie una haraka: Nilichojifunza kuhusu bei kutoka duka la rehani la Las Vegas

UMEWAHI kujipata saa saba usiku ukitazama Wazungu wakibishana bei ya upanga mkuukuu? Ulifungua YouTube utazame video moja tu ya dakika tano, na sasa uko kwa ya tisa. Usione haya, tuko wengi.

Kipindi chenyewe ni Pawn Stars. Kilianza kupeperushwa kwenye runinga ya History nchini Marekani mwaka wa 2009, na hadi leo vipande vyake vinazunguka mitandaoni. Duka ni la kweli: linaitwa Gold & Silver Pawn Shop na liko Las Vegas, jimbo la Nevada. Mwenye kuongea bei sana ni Rick Harrison, yule jamaa wa upara anayecheka kabla ya kukukata bei. Yuko pia mwanawe Corey, yuko Chumlee wa kuchekesha watu, na alikuwepo babake Rick, mzee Richard, aliyefariki mwaka wa 2018.

Ukitazama vipindi vitatu utaona mtindo ni ule ule. Mtu anaingia na kitu, anakisifu. Rick anakigeuzageuza, anaeleza historia yake, kisha anauliza anataka kukiuza au kukiweka rehani. Halafu linakuja swali lenyewe: unataka pesa ngapi? Hebu angalia vizuri hapo. Mara nyingi Rick hataji bei kwanza. Anakuachia wewe, kwa sababu ukitaja ndogo umejimaliza mwenyewe, na ukitaja kubwa yeye hajapoteza chochote.

Wakikosa kuelewana anaitwa mtaalamu. Tuseme mtaalamu anasema kitu kina thamani ya dola 1,000. Mwenye kitu anatabasamu, tayari anazihesabu. Rick anampa 500. Mitandaoni watu huwaka: huyu ni mwizi! Lakini msikilize. Ile 1,000 ni bei ambayo mtu anayekusanya vitu hivyo anaweza kulipa, siku atakayepatikana. Kabla ya siku hiyo Rick atakaa nacho kwa rafu, pengine mwaka mzima, atakitengeneza, na akikipeleka mnadani wenye mnada watakata chao. Na ana familia pia. Hapo sina ugomvi naye. Ukitaka 1,000 nzima, mtafute huyo mnunuzi wewe mwenyewe. Ukitaka pesa leo, unalipia hiyo leo.

Kuna kisa kimoja ambacho hunirudia. Mama mmoja alileta pambo la kubandika kwenye nguo, lenye umbo la buibui, akataka dola 2,000. Rick akalichunguza, akaona ni kazi ya Fabergé, wale mafundi wa vito waliowatengenezea wafalme wa Urusi mayai ya Pasaka. Akamwambia yule mama atampa dola 15,000.

Watu humsifu Rick kwa uaminifu, na anastahili. Lakini mimi nikitazama huwaza kitu kingine. Kama angenyamaza je? Yule mama alikuwa ashasema 2,000, na angeondoka akishukuru. Bahati yake yote ilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza.

Mimi yangu haikuwa na kamera. Miaka michache iliyopita, nikiwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili, nilichukua saa ya marehemu babu, ya mkono, zile za kutia ufunguo, nikaipeleka kwa jamaa mmoja jijini anayenunua vitu vya zamani. Akaniuliza kwa upole, "Mbona unauza, kijana?" Nikamwaga kila kitu: landilodi, kufuli mlangoni, mwisho ni Ijumaa. Nilidhani atanihurumia.

Akairudisha saa juu ya meza, akashusha pumzi. "Hizi siku hizi hazina soko. Lakini juu ya shida yako, nikupe thao mbili." Nikabembeleza, akaongeza mia tano. Nikachukua na nikasema asante, tena mara mbili.

Sikuwa nimesoma hata jina lililoandikwa usoni mwa ile saa. Pengine ilikuwa ya elfu tatu tu na jamaa hakunikosea. Pengine ilikuwa ya elfu themanini. Sitajua kamwe, na ndiyo sehemu inayouma. Mama alipouliza iko wapi, nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ungeniambia nikutumie hiyo kodi?"

Cha kushangaza ni kwamba Gikomba mimi huongea bei kama wakili. Nawe pia, najua. Unauliza bei ya mwisho, unaguna, unaondoka hatua tatu, na mwenye kiatu anakuita, "Boss, kuja basi, leta hiyo." Unashinda kwa sababu unaweza kuondoka na maisha yaendelee. Ukiwa muuzaji mwenye kodi ya Ijumaa, wewe ndiye huwezi kuondoka, na mnunuzi akishajua hilo, mazungumzo yameisha.

Kuna ile njia nyingine, ya kuweka rehani badala ya kuuza. Unapewa mkopo, kitu kinabaki kwa mkopeshaji, ukilipa pamoja na riba unakichukua. Huku kwetu hiyo kazi tunaijua kwa mashailoki wanaoshika laptopu, runinga na logibuku. Ingeniokolea saa, labda. Ila piga hesabu kwanza. Ukikopa 10,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukilipa riba tu kwa miezi mitatu umetoa 6,000, na zile 10,000 bado ziko pale pale.

Kabla hujabeba chochote, kaa nacho jioni moja. Soma maandishi yote, hata ya mgongoni, piga picha, kisha tafuta kwenye eBay vilivyokwisha kuuzwa, maana bei ya kuomba kila mtu anaweza kuomba. Sarafu usiisugue ing'ae, wakusanyaji huzipenda zikiwa vile zilivyo. Na ile sarafu ya shilingi 40 yenye picha ya Kibaki, iliyotolewa 2003 Kenya ilipofikisha miaka 40 ya uhuru? Ni nzuri, iweke. Lakini mtu akikuambia atainunua kwa milioni mradi umtumie ada kidogo kwanza, mblock.

Kisha peleka kitu chako kwa wanunuzi wawili au watatu, na kwa wa kwanza nenda ukijua utarudi nacho nyumbani. Akikuuliza mbona unauza, mwambie nyumba imejaa vitu. Hayo ya kodi ni yako na landilodi.