Blanketi la mtoto la kroshia: Bei isisahau saa za mfumaji

MIEZI ya Juni hadi Agosti, abiria anayeshuka Same mjini na shati jepesi huanza kutafuta sweta gari linapopanda kuelekea Mbaga, Chome au Vudee. Mji wa Same upo karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, wakati kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, kina mita 2,462. Kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hushusha joto kwa takriban nyuzijoto 6, bado ukungu wa asubuhi haujahesabiwa.

Mtoto anayezaliwa huko juu wakati wa kipupwe anahitaji kufunikwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu joto la mwili wa mtoto mchanga kuwa la kawaida likiwa kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5, na kichanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Kwanza ni kifua cha mama yake na kofia kichwani. Kinachofuata ni blanketi.

Ndiyo maana blanketi la kufumwa kwa mkono ni zawadi ya maana kwa mzazi wa milimani. Sukari na sabuni zinazoletwa na wageni huisha mwezi haujakwisha, lakini blanketi lililofumwa vizuri hupita kwa mtoto wa kwanza, likamfunika wa pili, na pengine likaazimwa na shangazi.

Ufundi wenyewe si mgeni Upare. Wamisionari Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza nchini pale Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig walikuwa wakifanya kazi katika milima hiyo hiyo. Katika shule za misheni za Tanganyika wasichana walifundishwa kushona na kufuma. Baadaye vitambaa vya kroshia vilitandikwa kwenye makochi, meza na redio katika sebule nyingi za Tanzania. Mkono uliofuma vitambaa hivyo hauhitaji mafunzo mapya ili kufuma blanketi. Unahitaji uzi mnene zaidi, sindano kubwa zaidi na, jambo ambalo wengi hulikwepa, hesabu.

Tatizo la biashara hii linaanzia kwenye hesabu. Mfumaji akiulizwa bei, mara nyingi hutaja gharama ya uzi na kuongeza kidogo. Saa alizokaa akifuma hazimo, kwa kuwa alifuma jioni akisubiri maharage yaive, au akiwa kwenye kikao cha kikundi, na muda huo anauona kama wa bure.

Chukua mfano huu, na kila msomaji aweke bei za dukani kwake. Blanketi la sentimita 80 kwa 90 la uzi wa unene wa kati hula takriban gramu 400. Tuseme donge la gramu 100 ni shilingi 4,000. Uzi pekee ni shilingi 16,000. Sehemu ya nauli ya kushuka Same kuufuata iwe shilingi 3,000. Mfumaji mzoefu atatumia kama saa 25. Akiliuza shilingi 25,000 atabakiwa na 6,000, yaani shilingi 240 kwa saa. Akitaka shilingi 1,000 kwa saa, ambayo nayo si fedha ya kujivunia, bei inakuwa shilingi 44,000.

Hapo mteja atasema blanketi la kiwandani ni rahisi zaidi, na la mtumba rahisi kuliko hilo. Ni kweli, na hakuna mfumaji wa Same atakayeshindana na mashine kwa bei. Kujaribu ni kujichosha. Anayetaka kitu cha kumfunika mtoto tu aachwe aende sokoni. Blanketi la kroshia linauzwa kwa mtu anayetafuta zawadi: bibi anayesubiri mjukuu wa kwanza, wafanyakazi wanaochangishana kwa ajili ya mwenzao aliyejifungua, kijana aliyeko Dar es Salaam ambaye dada yake amejifungua Suji na hana nafasi ya kwenda kumwona. Hao hawalinganishi na bei ya mtumba. Wanachotaka ni kitu ambacho mzazi atakitunza.

Njia moja ya kushusha bei bila kujipunja ni kupunguza ukubwa. Kichanga hahitaji shuka. Blanketi la sentimita 70 kwa 70 lina eneo la karibu theluthi mbili tu ya lile la kwanza. Saa zinashuka hadi 17 na uzi hadi madonge matatu. Kwa hesabu ile ile bei inakuwa shilingi 32,000, na saa ya mfumaji bado inalipwa 1,000.

Kazi hii ifanywe kwa oda, tena kwa kianzio kinachotosha kununua uzi wote. Mablanketi kumi yaliyorundikwa kabatini yakisubiri mteja ni mtaji uliolala, na nondo hawana subira kama uzi ni wa sufu. Wako wanaokimbilia mkopo wa kikundi ili wanunue uzi wa jumla. Kwa biashara ndogo ya namna hii, kianzio cha mteja ni salama kuliko mkopo wowote, kwa kuwa hakina riba. Anayetaka kujifunza kukokotoa bei na kutafuta soko anaweza kuwaona maofisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ambao kwa Mkoa wa Kilimanjaro wapo Moshi.

Oda ina tarehe, na Upare tarehe hizo hazifanani kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa Waislamu, akika hufanywa siku ya saba baada ya kuzaliwa, hivyo blanketi la shughuli hiyo linatakiwa liwe tayari kabla mama hajajifungua. Walutheri hubatiza watoto wachanga, lakini ubatizo unaweza kuja wiki au miezi kadhaa baadaye, na wengi hupenda rangi nyeupe. Wasabato hawabatizi watoto. Humpeleka mtoto kanisani kubarikiwa. Mfumaji anayefahamu mambo haya hapokei oda kichwa kichwa. Anauliza kwanza shughuli ni ipi na lini.

Hali kadhalika, fedha vijijini hufuata mavuno. Tangawizi ya Mamba Miamba inapouzwa, au kahawa inapolipwa, ndipo watu hulipia zawadi. Muda wa kuonyesha sampuli ni huo, si wakati wa palizi.

Sasa uzi. Unaopatikana kwa wingi madukani ni wa akriliki. Ni rahisi, una rangi nyingi na unafulika. Ubaya wake ni moto: ukishika cheche huwaka na kuyeyuka, ukagandia ngozi. Katika nyumba ambayo mama hukaa na mtoto karibu na mafiga, hilo si jambo dogo, na mteja aambiwe wazi. Sufu halisi haishiki moto upesi na inatunza joto vizuri, lakini ni ghali, huwasha watoto wengine na hunywea ikifuliwa kwa maji ya moto. Pamba ni laini ila nzito na haikauki haraka kwenye ukungu. Kwa wateja wengi akriliki laini itaendelea kutumika. Kinachotakiwa ni tahadhari.

Uzi wote wa blanketi moja ununuliwe siku moja. Kwenye karatasi ya donge huwa pana namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutiwa rangi. Madonge mawili ya "bluu" moja yenye namba tofauti za mkupuo yanaweza kuachana rangi, na tofauti hiyo huonekana mara kazi inapotandazwa juani. Aliyepungukiwa donge moja akiwa Vudee hulipa nauli ya pili na pengine asiupate mkupuo ule ule. Afadhali donge libaki, lifumiwe kofia.

Sindano ya milimita 4 au 4.5 inafaa kwa uzi wa unene wa kati. Kabla ya kuanza, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime, ndipo uhesabu mnyororo wa mwanzo. Kwa sentimita 70 huwa unakaribia vifundo 105 hadi 115, lakini mikono hutofautiana; wapo wanaokaza na wapo wanaolegeza. Kikundi kikigawana vipande vya mraba ili kumaliza oda upesi, tofauti hiyo ya mikono ndiyo inayoharibu. Vipande hukataa kulingana, na blanketi huvimba katikati.

Mtindo wa matundu makubwa hupendeza kwa kitambaa cha meza. Kwa mtoto ni hatari, kwani kidole cha mguu hunasa. Mfumo uwe wa kubana, usiwe na vifungo, shanga wala nyuzi ndefu za kuning'inia pembeni, na ncha zote zishonewe ndani. Mama naye akumbushwe kwamba blanketi haliwekwi usoni kwa mtoto aliyelala.

Wakati wa kufuma, kazi ikae ndani ya foronya safi. Moshi wa kuni huingia kwenye uzi na hautoki kirahisi. Likishakamilika lifuliwe kwa sabuni isiyo kali, likaushwe likiwa limelazwa kivulini. Pasi ya mkaa isiguse akriliki. Hata ya umeme itaulaza uzi na ulaini wake hautarudi.

Kwa oda za Dar es Salaam na Arusha, Same ina bahati ya kuwa kando ya barabara kuu, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Mteja atumiwe picha kwa simu, amalizie malipo, ndipo kifurushi kipelekwe stendi.