Basi la Juu kwa Juu: Linatufundisha Nini Sisi Wamama?

Juma hili darasani tuliangalia picha ya teleferiki: vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba nene ya chuma na kupandisha watu mlimani. Mtoto mmoja akauliza: «Mwalimu, ingekuwa huku kwetu, mama angeacha kubeba kitunga mgongoni?» Swali hilo nimelileta kwenu.

Kazi yake inaeleweka. Mashine kubwa ya umeme inazungusha kamba bila kusimama, na nguzo zinaishikilia juu. Chumba kikifika kituoni kinaachia kamba, kinakwenda polepole ili watu waingie, kisha kinaishika tena. Juu kule hakuna tope.

Katika mji wa Medellín, nchini Colombia, njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya mitaa ya maskini iliyo mlimani. Chumba kimoja kinachukua watu 10, na kwa saa moja njia hiyo inaweza kupandisha watu 3,000. Huko Bolivia, La Paz walianza mwaka 2014. Leo wana njia 10, nyingine zikipanda hadi El Alto, mji ulio juu ya mita 4,000. Afrika pia imo: Constantine, nchini Algeria, mwaka 2008 ilifunguliwa teleferiki ya kuvuka korongo refu, na kituo chake kimoja kiko hospitalini. Hapo nikamkumbuka mama mjamzito anayebebwa kwa kipoyi kwenye vilima vya Masisi.

Je, tuidai hapa Walikale? Tuseme ukweli: inahitaji umeme usiokatika, mafundi, na maelfu ya abiria kila siku. Vijiji vyetu vimetawanyika msituni. Kwetu dawa ya kwanza ni daraja imara na barabara inayopitika hata wakati wa mvua.

Lakini funzo lipo. Medellín walianzia mlimani, kwa watu waliokuwa wakichoka zaidi njiani. Sisi je, tunajua nani anachoka zaidi?

Kwenye mkutano wa kikundi chenu, kila mama aseme: anatembea saa ngapi kwenda shambani, sokoni, na kwenye kituo cha afya? Mto gani unamzuia? Anayejua kuandika aandike yote. Karatasi hiyo mpelekeeni mkuu wa kijiji, na nakala moja mbaki nayo. Siku kiongozi akisema hakujua, karatasi itakuwa shahidi.